Taa ya Chujio la Moshi Ikiwaka

Asubuhi moja nikiwa kwenye foleni ya Kimara, taa ya rangi ya chungwa iliwaka kwenye dashibodi: kiboksi chenye vitone ndani, na bomba limechomoza kila upande. Gari lilikuwa na miezi mitatu tangu nilinunue mkononi mwa mtu. Siku ya pili taa ya injini nayo ikawaka, gari likawa zito. Ukikanyaga mafuta linaunguruma bila kukimbia. Fundi wa kwanza niliyempelekea hakufungua hata boneti. Alichuchumaa nyuma, akachungulia bomba, akasema, "Bosi, hii dawa yake ni kuikata tu. Tunatoa utumbo wa ndani, tunachomelea, tunaifuta kwenye kompyuta, unasahau."

Naandika haya kwa sababu najua wengi wenu mmeambiwa maneno hayohayo, Dar es Salaam, Mwanza, Nairobi na Mombasa, na wengi mmekubali. Mimi nawasihi msikubali upesi. Chujio haliugui lenyewe. Likiziba, kuna kitu kingine ndani ya gari kilichoacha kufanya kazi yake, na mpaka kipatikane, chujio jipya la mamilioni litaziba kama la zamani, na ukilikata utabaki na gari lenye ugonjwa uleule, ila sasa halina hata taa ya kukuambia.

Kwanza tuelewane kuhusu chombo chenyewe. Chujio hili, ambalo mafundi hulitaja kwa herufi tatu, DPF, ni tofali la kauri lililofungiwa ndani ya kopo la chuma kwenye njia ya moshi. Lina matundu membamba mengi kama sega la nyuki. Tundu moja limezibwa mwishoni, la jirani yake limezibwa mwanzoni, hivyo moshi ukiingia hauna pa kutokea ila kupenya kwenye kuta zenyewe. Hewa inapita, masizi yanabaki. Zaidi ya asilimia 90 ya masizi hukamatwa humo.

Masizi hayo yasipochomwa, chujio litajaa haraka sana. Ukiwa safari ndefu, na moshi una joto la kutosha, sehemu yake huliwa polepole na gesi zilizomo kwenye moshi wenyewe, wala dereva hajui. Ukiwa mjini, joto halifiki huko. Basi kompyuta ya gari ikiona masizi yamekuwa mengi, hunyunyizia dizeli ya ziada ndani ya silinda baada ya mwako wa kawaida. Dizeli hiyo huenda kuungua kwenye kichocheo kilicho mbele ya chujio, joto likapanda hadi kama nyuzi 600, na masizi yakateketea. Shughuli hiyo huchukua dakika 10 hadi 20, wakati mwingine zaidi. Gari lenye afya huirudia kila baada ya kilomita 200 hadi 400 hivi, kutegemea linavyoendeshwa.

Lakini kompyuta haianzi kuchoma hivi hivi. Inataka maji ya injini yawe yamechemka vya kutosha, mafuta kwenye tangi yasiwe yamekaribia kwisha, kusiwe na hitilafu kubwa iliyoandikwa kwenye kumbukumbu yake, na dereva asizime gari katikati ya kazi. Yashike hayo masharti kichwani, maana karibu kila chujio nililowahi kuona limeziba, kulikuwa na sharti mojawapo lililovunjwa.

Taa ya chujio ikiwaka peke yake, haimweki, na gari lina nguvu zake, hujafika gereji bado. Dawa ni barabara. Hakikisha tangi lina zaidi ya robo, pima oili, kisha toka. Kwa mkazi wa Dar, ondoka Jumapili alfajiri, ipite Kibaha, nenda uelekeo wa Chalinze. Unatafuta dakika 20 hadi 30 za mwendo usiokatika, kilomita 60 hadi 80 kwa saa, mshale wa injini ukiwa juu ya 2000. Najua utaniambia njia ile ina vijiji vya hamsini vingi na askari wenye tochi. Ni kweli, na vibao viheshimiwe. Kinachotakiwa ni joto la moshi, na joto hulipati kwa kukimbia tu: shusha gia moja, gari la otomatiki weka gia ya mkono, mshale ubaki juu ya 2000 hata ukitembea hamsini. Taa ikizimika, usiegeshe mara moja, endelea kidogo.

Utajua linachoma kwa dalili zake. Ulaji wa mafuta unapanda ghafla. Ukisimama kwenye taa, injini inaunguruma juu kuliko kawaida. Kuna harufu ya chuma kilichopata moto, na ukizima, feni inaendelea kuzunguka. Ukiziona, usizime gari. Na nakuomba sana, usiegeshe juu ya nyasi kavu. Chini ya gari wakati huo kuna joto la kuwasha moto, na nyasi hazihitaji mwaliko.

Taa ikiwa inamweka, au imeungana na ya injini, au gari limepoteza nguvu, habari ni nyingine. Hapo kompyuta imekwisha kukataa kuchoma yenyewe, na kulikimbiza gari ni kujitafutia hasara kwenye turbo. Lipeleke polepole kwa mtu mwenye kipimo.

Kabla hujafika huko, fanya jambo moja kwa mkono wako. Gari likiwa limesimama mahali pa tambarare, injini imezimwa na kupoa, chomoa kijiti cha oili, kifute, kirudishe, kichomoe tena. Oili ikiwa imepanda juu ya alama ya mwisho, inuse na uisugue kati ya vidole. Oili iliyoingiwa na dizeli ni nyepesi na ina harufu ya sheli. Ile dizeli ya ziada inayonyunyiziwa kwa ajili ya kuchoma masizi, si yote inayotoka na moshi. Nyingine huteleza kwenye kuta za silinda ikashuka kwenye sampu. Gari linalojaribu kuchoma kila siku na kukatishwa kila siku, oili yake huongezeka badala ya kupungua. Mazda waliweka alama ya herufi X kwenye kijiti cha injini zao za dizeli za Skyactiv, juu ya alama ya kujaa, kwa sababu hiyohiyo: oili ikikaribia X, inamwagwa. Watu wengi hufurahi wakiona oili haipungui. Kwenye dizeli yenye chujio, oili inayopanda ni hatari, kwa sababu bearingi za injini na za turbo zinaogelea kwenye kitu kisicho oili tena.

Sasa kipimo. Kile kifaa kidogo cha bei rahisi kinachounganishwa na simu kwa kawaida kitakusomea namba za hitilafu na mambo machache mengine. Unahitaji mashine inayoonyesha namba hai za chujio: kiasi cha masizi, tofauti ya mgandamizo kati ya mbele na nyuma ya chujio, joto la moshi, joto la maji, na umbali tangu lichome mara ya mwisho. Fundi asiyekuwa na mashine hiyo ni mwaminifu akisema hana. Mshukuru umwendee mwingine.

Anza na mgandamizo, kwa kuwa kompyuta huutegemea sana kukadiria masizi. Fungua swichi bila kuwasha injini. Hakuna moshi unaopita, kwa hiyo namba iwe sifuri au karibu kabisa na sifuri. Ikiwa si sifuri, sensa inasema uongo, na huenda chujio lako halina tatizo lolote. Kisha fuata vile vipira viwili vinavyotoka kwenye chujio kwenda kwenye sensa. Huungua, hupasuka, hujaa masizi na maji. Nimeona kipira chenye ufa mdogo kuliko ukucha kikimfanya mwenye gari aagize chujio zima kutoka nje. Vikiwa salama, washa injini, iache iungurume gari likiwa limesimama: chujio safi kwa kawaida huonyesha kama kilopaskali 1 au chini yake. Likionyesha mara kadhaa ya hapo, hapo sasa kweli limeziba, na swali linabaki kwa nini.

Fundi wa pili niliyemwendea alikuwa kijana mkimya. Alichomeka mashine yake, akaniambia, "Mzee, twende tukaliendeshe." Tukatoka, mimi nikiwa usukani, yeye skrini mapajani. Tulipokuwa tumetembea nusu saa nzima, aliniambia nitazame mstari mmoja tu. Joto la maji: 58. Tulipopanda kilima likafika 64, tulipoteremka likarudi 57. "Hili lilipaswa kuwa themanini na kitu kuja tisini," akasema. "Haliwezi kuchoma. Kila siku linangoja lipate joto, halipati."

Tuliporudi alifungua nyumba ya themostati. Ilikuwa tupu. Hakukuwa na chuma, hakukuwa na springi, palikuwa na mpira wa kuzibia tu. Mtu aliyekuwa nalo kabla yangu alikuwa amepeleka gari gereji, akaambiwa nchi yetu ni ya joto, themostati ni ya Wazungu na Wajapani wenye baridi, ikang'olewa ili injini "ipumue". Mmesikia maneno hayo, na huenda mmelipia kazi hiyo. Kwenye Land Cruiser la zamani injini ingevumilia. Kwenye dizeli yenye chujio ni hukumu ya kifo cha polepole: maji hayachemki, kompyuta inasubiri sharti ambalo halitatimia, masizi yanajaa, na anayelaumiwa ni chujio. Mshale wa dashibodi haukusaidii kugundua, kwa sababu magari mengi ya sasa hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu inayozimika mapema kabla ya joto linalotakiwa. Ndiyo maana nasema joto la maji ndicho kitu cha kwanza kuangaliwa katika nchi zetu, kabla hata hujafikiria kitu cha gharama.

Themostati ikiwa nzima, orodha ya watuhumiwa si ndefu sana. Vali ya kurudisha moshi, EGR, iliyokwama wazi huifanya injini itoe masizi mengi kuliko chujio linavyoweza kuyamaliza. Bomba la hewa ya turbo lililochanika hufanya vivyo hivyo, na mara nyingi utalikuta limelowa oili penye ufa. Nozeli inayovuja, sensa ya kupima hewa iliyochafuka, sensa ya joto la moshi iliyokufa. Kila kimoja kinaonekana kwenye mashine kikisomwa na mtu anayejua, na kila kimoja ni nafuu kuliko chujio.

Kuna uchafu mwingine ambao hakuna safari ya Chalinze itakayouondoa: jivu. Masizi huungua, jivu haliungui. Jivu hutokana hasa na oili ya injini, yaani madini yaliyomo kwenye dawa zinazochanganywa humo. Kila oili inayopita kwenye ringi na kuungua huacha chembe zake ndani ya tofali, na hukaa humo mpaka chujio lioshwe. Hapa ndipo tunapoua magari bila kujua. Unaingia dukani unasema "nipe oili ya dizeli," unapewa galoni la 15W-40 linalotumika kwenye malori. Ni oili nzuri kwa lori la zamani, lakini nyingi za aina hiyo zina jivu jingi. Gari dogo la dizeli la Kijapani lenye chujio linataka kopo lililoandikwa DL-1, ambacho ni kipimo cha Wajapani. La Kizungu linataka lililoandikwa C2, C3 au namba nyingine inayotajwa kwenye kitabu cha gari. Usikubali maneno "ni sawa tu." Geuza kopo usome nyuma.

Kuhusu mafuta, hali yetu si mbaya kama zamani. Tangu mwaka 2015 nchi za Afrika Mashariki zilihamia dizeli yenye salfa isiyozidi sehemu 50 katika milioni. Japani wanatumia 10. Chujio linaweza kuishi na dizeli yetu. Haliwezi kuishi na dizeli iliyochakachuliwa. Hapa Tanzania mafuta huwekwa vinasaba kwa ajili ya kuwakamata wachakachuaji, lakini wewe mwenyewe jaza kituo kinachouza sana, na usinunue ya madumu kando ya barabara hata ukiambiwa ni bei ya rafiki.

Chanzo kikishapatikana na kurekebishwa, ndipo uchomaji wa kulazimisha kwa mashine una maana. Gari linasimamishwa, fundi anaamuru kompyuta ianze. Liwe nje, juu ya saruji, mbali na matambara na madumu ya mafuta, na mtu asiondoke. Oili imwagwe baada ya hapo, kwa sababu ile niliyokwambia. Masizi yakiwa yamepita kiasi, kompyuta itakataa, na ni vizuri ikatae: masizi mengi yakiwaka kwa pamoja hupasua tofali. Hapo chujio lifunguliwe lioshwe.

Kuosha kuna njia yake. Hulowekwa kwa dawa maalumu au hupitishwa kwenye tanuri, kisha husukumwa hewa au maji kutokea upande wa nyuma, likakaushwa kabisa kabla ya kurudishwa. Anayeifanya kwa umakini hulipima uzito kabla na baada. Usimruhusu mtu alielekezee mpira wa kuoshea magari wenye presha kali kutokea mbele. Anasukuma jivu ndani zaidi na kuvunja kuta. Usimruhusu alichome kwa gesi ya kuchomelea. Zile chupa za dawa za kumimina kwenye tangi zinaweza kusaidia masizi yaungue mapema kidogo; kwa jivu hazifanyi lolote, wala hazirudishi themostati iliyotupwa.

Nirudi kwenye kukata. Sikatai kwamba gari likikatwa linarudisha nguvu. Lingekosaje, na umeondoa kizibo? Lakini hesabu vizuri. Tofali lile na kichocheo kilicho mbele yake vina platinamu, na wapo wanunuzi wanaolipia vizuri. Ukimwachia fundi "takataka" hiyo, umemlipa mara mbili. Programu ya injini nayo lazima ibadilishwe, na ikibadilishwa na asiyejua, gari linakula mafuta na kutoa moshi mweusi kila ukikanyaga.

Na moshi huo unakwenda mahali. Mwaka 1999 gavana wa Tokyo, Shintaro Ishihara, alisimama mbele ya waandishi wa habari akitikisa chupa iliyojaa masizi ya dizeli, na kuanzia Oktoba 2003 malori na mabasi yasiyofikia viwango yalizuiwa kuingia jiji hilo. Juni 2012, taasisi ya utafiti wa saratani ya Shirika la Afya Duniani iliuweka moshi wa dizeli kwenye kundi la vitu vinavyothibitika kusababisha saratani kwa binadamu. Wajapani walilipia chujio hilo ili watoto wao wasivute masizi. Sisi tunalinunua gari pamoja nalo, tunalitoa chujio, tunapita na gari hilo shuleni saa moja asubuhi. Sioni namna ya kulitetea jambo hilo.

Kama bado hujanunua, una nafasi nzuri kuliko niliyokuwa nayo. Nenda kuliona gari asubuhi, injini ikiwa baridi. Chukua kitambaa cheupe au kidole chako, kipitishe ndani ya mdomo wa bomba la moshi. Gari lenye chujio zima huacha alama hafifu ya kijivu, au hakuna kitu. Kidole kikitoka cheusi kama umeshika chungu cha kuni, chujio limekatwa au limepasuka, chochote atakachosema muuzaji. Inama utazame kopo la chuma kama lina mshono mpya wa kuchomelea. Chomoa kijiti cha oili. Kisha endesha robo saa na mashine ikiwa imechomekwa, uangalie joto la maji linapanda na kutulia wapi. Na usidanganyike na kilomita chache. Gari lililotembea 40,000 ndani ya jiji, safari fupi fupi za dukani, linaweza kuwa na chujio baya kuliko lililokwenda 120,000 za barabara kuu.

Na kama safari zako zote ni Sinza kwenda Kariakoo na kurudi, nunua la petroli. Nasema hivi nikiwa naipenda dizeli kwa nguvu zake na kwa ulaji wake mdogo. Dizeli ya kisasa inataka barabara angalau mara moja kwa wiki, na kama huwezi kuipa, haitakuvumilia.

Langu lilifungwa themostati mpya, ambayo bei yake haikufika ya tairi moja. Likachomwa kwa mashine mara moja, likamwagwa oili. Chujio ni lilelile lililokuja nalo kutoka Japani, na maji sasa yanatulia kwenye 86. Ndugu msomaji, kabla hujampa fundi yeyote ruhusa ya kushika msumeno, mwambie kwanza akuonyeshe namba hiyo kwenye gari lako.